Kuchanga kwa Kumbukumbu ya Rafiki Aliyejitoa Uhai: Yanayolinda na Yanayodhuru

Rafiki akijitoa uhai, makomredi, yaani wanafunzi wenzake chuoni, huanza kuchanga siku hiyohiyo. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya M-Pesa inatumwa, picha yake inasambaa kila mahali. Nia ni njema. Lakini mchango huu una jambo ambalo harambee ya karo au ya matibabu haina: miongoni mwa wanaoombwa pesa wamo wanaowaza kujiua wenyewe, na maneno yenu yatawafikia mapema kuliko shilingi yoyote. Tunawaandikia wanafunzi wa vyuo, hasa vya Kenya, wanaotaka mchango wao uzuie kifo kingine.

Kwanza tenganisheni michango miwili. Ule wa mazishi ni wa familia: unakusanywa haraka, unakabidhiwa wote, unafungwa. Mchango wa kuzuia kujiua usianze kabla matanga hayajaisha na watu kurudi darasani. Wiki sita hadi nane baada ya mazishi ni muda wa kufaa. Mkiichanganya, familia itauliza kwa nini pesa zilizochangwa kwa jina la mtoto wao hazikuwafikia, na hamtakuwa na jibu. Kuna sababu nyingine ya kungoja: wiki za mwanzo ndizo za hatari kubwa kwa marafiki wa karibu na waliolala naye chumba kimoja. Wakati huo wanahitaji mtu wa kukaa nao, wala si kazi za kamati. Tarehe 10 Septemba, Siku ya Dunia ya Kuzuia Kujiua, ni nzuri ikiwa haigongani na mitihani. Angalieni pia HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Mkiomba pesa kabla mikopo haijaingia, mtapata aibu ya watu badala ya pesa zao.

Halafu familia. Hapa ndipo kamati nyingi huvunjika, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Tumeni watu wawili tu: rafiki aliyejulikana nyumbani kwao, na mlezi wa chama au mhadhiri mwenye umri wa kuheshimika. Ombeni majibu ya mambo matatu: je, tunaweza kutumia jina na picha? Je, tunaweza kusema alivyofariki? Je, mnakubali pesa ziende wapi? Majibu yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa mzazi, kwa sababu baada ya miezi mitatu mjomba ambaye hakuwepo atapiga simu kwa hasira.

Msishangae wazazi wakikataa sababu ya kifo kutajwa. Ziko jamii ambazo aliyejiua huzikwa usiku, bila matanga, au nje ya boma, na yapo makanisa na misikiti ambayo hupunguza ibada zake. Mzazi aliyewaambia majirani kwamba ni ugonjwa wa ghafla anawalinda watoto wake waliobaki. Marafiki husema ukweli unafichwa, na uchungu wao tunauelewa. Hata hivyo, kauli ya familia ndiyo ya mwisho. Wakikataa sababu kutajwa, changeni kwa jina lake kwa ajili ya afya ya akili ya wanafunzi. Wakikataa na jina, changeni bila jina. Habari ya hali ya chuo chenu inaweza kusemwa yote bila kumtaja marehemu hata mara moja. Na mnapoondoka, waachieni namba ya msaada, kwa kuwa waliofiwa kwa njia hii nao huwa katika hatari zaidi kuliko wafiwa wengine. Ndugu wa umri wa marehemu ndio husahaulika, maana wote humtazama mama.

Sasa ujumbe wenyewe. Shirika la Afya Duniani limewatolea waandishi wa habari mwongozo wa kuandika kuhusu kujiua, na mwongozo huo unawahusu ninyi vilevile. Msitaje njia aliyotumia. Msitaje mahali, msipige picha mlango wa chumba, msiwashe mishumaa palepale alipofia. Barua aliyoacha isisomwe wala kunukuliwa. Msitoe sababu moja: “aliachwa na mpenzi”, “alifeli somo”. Mwenzake aliyefeli somo hilohilo anawasikiliza, na mmemwambia kwamba kufeli huishia hapo. Kujiua hakuna chanzo kimoja. Huwa kuna maumivu, ugonjwa, deni, upweke na njia iliyokuwa karibu, vyote vikikutana. Vilevile maneno ya faraja kama “sasa amepumzika” yafaa kuepukwa kwenye bango. Kwa mtu aliyechoka, maneno hayo ni mwaliko.

Takwimu nazo zitumieni kwa kiasi. Zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua duniani kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Moja inatosha kwenye ujumbe. Mkirundika tarakimu, kujiua kunaonekana jambo la kawaida ambalo kila mtu anafanya, na tunachotaka kionekane ni kwamba watu wengi hupita kwenye giza hilo wakatoka.

Ujumbe wa kuomba unaweza kuwa mfupi hivi: “Tunamkumbuka Fulani, komredi wetu wa mwaka wa tatu. Tunachanga ili walinzi, wasimamizi wa mabweni na wanafunzi 60 wafunzwe kumsaidia mtu anayewaza kujiua. Lengo ni shilingi 150,000 ifikapo tarehe 10 Septemba. Kiasi chochote kinatosha. Kama wewe mwenyewe umelemewa, piga 1199, ni bure.” Namba hiyo ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Kabla ya kuchapisha, mtu mmoja wa kamati apige kila namba, asikilize inajibiwa saa ngapi na kwa lugha gani, kisha saa za huduma ziandikwe kando yake. Namba isiyopokelewa saa nane za usiku ni mbaya kuliko kutokuweka namba kabisa.

Wengi bado wanaogopa kwamba ukimpeleka hospitali mtu aliyejaribu kujiua, polisi watamngoja mlangoni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Tangazeni hilo kwa sauti, kwenye kila mkusanyiko. Walio nje ya Kenya wasiamini uamuzi huu unawahusu. Waulize sheria ya kwao.

Pesa. Msitumie laini ya mtu binafsi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Mweka hazina akiwa na deni la Fuliza, mkopo mdogo wa M-Pesa, mchango wa kwanza ukiingia unakatwa wenyewe kulipa deni hilo, na hakuna atakayeamini maelezo yake. Laini ya kawaida ya M-Pesa pia haibebi zaidi ya shilingi 500,000, simu huibwa, na laini huhamishwa na matapeli. Njia iliyo salama zaidi ni pesa kuingia moja kwa moja kwenye paybill (namba ya kupokea malipo ya M-Pesa) ya shirika mtakalolisaidia au ya chuo, mkitumia jina la mchango kama namba ya akaunti. Ombeni barua inayosema pesa za jina hilo zitatumika kwa kazi gani, na mtapewa taarifa kila baada ya muda gani. Bila barua hiyo, pesa zikiingia kwenye mfuko mkuu wa chuo zinaweza kuishia kwenye rangi ya ukuta.

Kama chama chenu kimesajiliwa na kina akaunti ya benki, wawepo watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa pesa, mmoja wao awe mfanyakazi wa chuo. Daftari liwe na tarehe, msimbo wa muamala, kiasi, na matumizi. Jioni moja kila wiki, mtu asiye mweka hazina alinganishe daftari na taarifa ya akaunti. Mkitaka kuomba nje ya chuo, barabarani au sokoni, ulizeni kwanza ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kuhusu kibali, kwa sababu michango ya umma ina sheria yake.

Ile desturi ya kuorodhesha majina na kiasi kwenye kundi (1. Fulani 500, 2. Fulani 1,000) iacheni. Inaleta pesa, ndiyo. Lakini mwanafunzi anayekula mlo mmoja kwa siku anasoma orodha ile kila saa na jina lake halimo, na huenda huyo ndiye mliyemkusudia. Tangazeni jumla tu, kila jioni.

Kuhusu lengo: wanafunzi 300 wakitoa 200 ni 60,000. Wahitimu 60 wakitoa 500 ni 30,000. Matembezi ya hisani ya watu 120 kwa 300 kila mmoja ni 36,000. Hapo mna 126,000 kabla ya fulana. Na fulana ndizo huzamisha michango. Tuseme moja inawagharimu 550 na mnaiuza 800. Mkichapisha 120 zilizokwisha kulipiwa, mnabaki na 30,000. Mkichapisha 200 kwa matumaini na kuuza 120 zilezile, mmelipa 110,000 na kukusanya 96,000: hasara ya 14,000, pamoja na katoni za fulana chini ya kitanda cha mtu. Kwa hiyo oda na malipo kwanza, kiwandani baadaye. Uso wa marehemu usiwekwe kwenye fulana. Jina dogo na namba ya msaada vinatosha, na fulana itavaliwa hata baada ya siku hiyo.

Matembezi yanayotoka nje ya geti yanahitaji taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Kilomita 5 zinatosha. Njia isipite bweni alilofia. Wekeni maji kila baada ya kilomita 2 na watu wa huduma ya kwanza. Jambo la lazima kuliko yote ni chumba tulivu karibu na mahali pa kumalizia, chenye wanasihi wawili au zaidi, na wasaidizi wanaotambulika kwa rangi ya fulana. Katika siku kama hii mtu hujitokeza. Husema kwa sauti ya chini, mara nyingi kwa anayegawa maji. Kila msaidizi awe amefunzwa kumuuliza waziwazi, “Unawaza kujiua?” Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi humpa nafuu. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda msalani. Msaidizi atembee naye hadi kwa mnasihi, na kama ana mpango au kitu cha kujidhuru, kitu hicho kiondolewe na apelekwe hospitali akiwa na mtu anayemwamini. Msaidizi asiahidi kutunza siri.

Kiongozi wa dini atakayeomba dua aonwe wiki moja kabla, kwa heshima, aelezwe waliofiwa watakuwepo. Mwombeni azungumzie huruma ya Mungu na kusaidiana. Wengi hukubali. Anayetaka kuhubiri jehanamu ashukuriwe na nafasi apewe mwingine.

Kisha matumizi, na hapa tuna msimamo. Benchi la ukumbusho na tamasha la muziki ni vitu vya kuonekana, lakini havimfikii mtu saa nane za usiku. Benchi au bango la kudumu lina ubaya zaidi: linaweza kumfanya kijana mwenye maumivu aone kifo ndicho kilichompa mwenzake heshima. Pesa ziende kwenye mambo yasiyopigwa picha. La kwanza ni mafunzo kwa walinzi wa getini, wafanya usafi, wasimamizi wa mabweni na hasa wenye hosteli za nje ya chuo, ambako ofisi ya wanafunzi haifiki. Hao ndio humwona anayerudi peke yake usiku, anayegawa nguo zake, asiyetoka chumbani siku mbili. Mafunzo ya awali ya kutambua, kuuliza na kuelekeza huchukua saa mbili hadi nusu siku. Yale ya kina kama ASIST, kozi ya kumsaidia anayewaza kujiua, huchukua siku mbili, na yanafaa wachache watakaokuwa nguzo. Wafanyakazi wa zamu walipwe nauli na chakula, la sivyo hawatakuja. La pili ni saa za jioni za mnasihi, kwa kuwa ofisi nyingi za unasihi hufungwa saa kumi na moja, muda ambao shida huanza. La tatu ni mfuko mdogo wa dharura, tuseme 20,000, wa teksi usiku na malipo ya kwanza hospitalini, ukishikwa na mtu mwenye ruhusa ya kutoa pesa bila kuitisha mkutano.

Ndani ya siku 30 baada ya kufunga mchango, toeni hesabu ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, watu wangapi walifunzwa. Nakala ya kwanza iende kwa familia kabla ya kundi lolote. Habari za waliosaidiwa zisiwemo, hata kwa kuficha majina, maana chuoni watu hutambuana kwa upesi.

Kamati ya kumbukumbu huwa ya waliomfahamu, na waliomfahamu huhitimu. Muhula mmoja kabla ya kuondoka, chagueni wanafunzi wa mwaka wa pili, mwende nao benki na kumbukumbu za kikao kilichowachagua, mbadilishe watia saini. Wapeni daftari, barua ya familia, mawasiliano ya mkufunzi na orodha ya waliofunzwa, pamoja na tarehe ya kuwafunza upya, kwa sababu walinzi hubadilishwa kila kampuni mpya inapopewa zabuni.