Usiseme "kizunguzungu"

Neno hilo lilinipotezea miezi saba.

Nilibadilishwa valvu ya moyo, yaani mlango wa kupitisha damu, katika hospitali moja kubwa, mbali na kwetu. Moyo ulitulia vizuri, tatizo likawa kutembea. Nikishuka kitandani, sakafu inakuwa kama ngalawa. Nikaambiwa ni udhaifu wa upasuaji, kula vizuri utapona. Nikarudi kwetu Mikindani, Mtwara, hivyo hivyo.

Kila nilipoingia zahanati nilisema, "Daktari, nina kizunguzungu." Ukishatamka hivyo, utapimwa presha, utapimwa malaria, utapimwa damu, kisha utapewa vidonge vya kutuliza kizunguzungu. Mama mkwe yeye alishaamua ni mambo ya baharini. Simlaumu. Nilivyokuwa nikipepesuka barabarani magharibi ile, hata mimi ningesema huyu katoka kilabuni.

Aliyepatia ni daktari kijana wa masikio. Aliniuliza, "Dunia inazunguka au inarukaruka?" Inarukaruka! Nikitembea, maandishi ya bango la duka yanacheza kama video iliyopigwa na mtu anayekimbia, nikisimama, yanatulia. Akaniambia nisimame miguu pamoja, nifumbe macho. Hata tatu hakufika kuhesabu, nikamwangukia. Kisha akaomba karatasi zangu, akashuka nazo kwa kidole mpaka kwenye jentamaisini, sindano ya kuua bakteria. Nilianza kuchomwa siku ya upasuaji, valvu isije ikaingiwa na wadudu, sindano zikaendelea wiki mbili, huku napewa Lasix ya kutoa maji mwilini, na kipimo cha figo kikionyesha namba inapanda.

Jenta hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea, dawa hurundikana, na ndani kabisa ya sikio inaua seli zenye vinyweleo ambazo huuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi. Lasix nayo huongeza hatari hiyo. Figo mara nyingi hurudia hali yake. Zile seli, kwa binadamu, hazioti tena. Kuyumba kwenyewe kunaweza kuanza hata baada ya sindano ya mwisho. Na kusikia nasikia vizuri, ndiyo maana hakuna aliyeyashuku masikio.

Huenda sindano zile ndizo zilizoniweka hai, sikatai. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeniambia, "Ukianza kuyumba, sema leo leo."

Kwa hiyo wewe uliye kama mimi, eleza unachokiona, usitaje jina la ugonjwa. Sema maandishi yanaruka. Sema gizani unaanguka. Na vile vidonge vya kutuliza, muulize daktari kama bado unavihitaji. Vikinywewa miezi, huuchelewesha ubongo kujifunza kusimama upya.

Maana kusimama ni kazi ya masikio, macho na nyayo. Mimi nimebaki na macho na nyayo tu. Sikujua hilo lina maana gani mpaka siku ya udhu: nimeinama bombani, nimefumba macho nioshe uso, nikajikuta nimelala chini, paji la uso limegonga ukingo wa saruji. Sasa naosha uso nimekaa kwenye kigoda. Umeme ukikatika nikiwa katikati ya sebule, nakaa chini papo hapo mpaka mtu alete tochi. Ufukwe wa Shangani siendi usiku, maana giza linaninyang'anya macho na mchanga unaninyang'anya miguu. Naenda asubuhi maji yakiwa yametoka, nakanyaga mchanga ule mgumu wenye unyevu, na fimbo yangu. Fimbo siiegemei, inagusa tu, na kugusa huko kunatosha.

Zoezi langu la kila siku ni herufi moja kubwa niliyokata kwenye boksi la sabuni, nimeibandika ukutani. Naikazia macho huku natikisa kichwa kushoto na kulia, polepole, kisha haraka kidogo. Mwanzoni nilikuwa natapika. Haliponyi sikio, lakini sasa naweza kufika sokoni bila kushikwa mkono.

Hili lifuatalo usilichezee. Mwenye valvu ya chuma anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo damu yake haigandi upesi. Siku ile ya bomba nilisema niko salama, mke wangu akakataa, tukaenda hospitali usiku ule ule. Alikuwa sahihi: ukigonga kichwa, nenda hata kama huumwi. Wafarini usiiache kwa kuogopa kuanguka.

Kwenye kadi yangu ya wafarini nimeandika kwa wino mwekundu: asichomwe jentamaisini, amikasini, kanamaisini wala streptomaisini bila kuulizwa daktari wake. Yule kijana pia alijaza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya kuripoti madhara ya dawa. Nawe omba ijazwe.

Limebaki la salamu. Nikiwa natembea, sura za watu nazo zinaruka, simtambui mtu, na mtaani ikasemwa naringa. Siku hizi nikisikia "shikamoo" nasimama kabisa, nasubiri uso utulie, ndipo naitikia marahaba. Kijana mmoja wa bodaboda anasema tangu nipasuliwe nimekuwa mtu wa adabu sana.