Shemeji anataka niwaachie maskauti kazi yao

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Chicago na timu yangu ni Bears. Kwenye drafti ya 2017 ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, siku ile timu zinapopokezana zamu kuchagua vijana wa vyuo vikuu, tulimchukua Mitchell Trubisky, asiyetufikisha mbali, huku Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa bingwa na Kansas City, bado yupo. Nikilikumbuka hilo usingizi unakata. Shemeji yangu hunifunga mdomo: "Maskauti wanalipwa kuangalia wachezaji, wewe unajua nini?" Kwani shabiki hana haki ya kuhoji?
Msomaji, Chicago

JIBU: Marahaba mwanangu. Haki unayo, ila jua cha kuhoji.

Aprili 1999 nilikuwa naosha vyombo kwenye mkahawa mmoja Philadelphia. Timu yetu, Eagles, ilikuwa imetoka kwenye msimu wa kushinda mechi 3 na kufungwa 13, na mji mzima ulimtaka Ricky Williams, mkimbiaji wa Texas. Mpishi wetu alikuwa ameandika jina lake kwa wino mweusi kwenye kipande cha utepe wa gundi, akakibandika kifuani kwenye aproni. Redio ikatangaza: zamu ya pili, Donovan McNabb wa Syracuse, kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Mashabiki wetu waliokwenda New York wakamzomea mle ukumbini, kijana wa miaka 22 siku ya furaha yake. Jikoni nasi tukazomea. Mimi sikuwa nimemwona McNabb akicheza hata dakika moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

McNabb huyo akatufikisha fainali ya NFC, nusu moja ya ligi, mara tano, na Super Bowl, fainali kuu ya ligi nzima, mara moja. Williams alichukuliwa na Saints wa New Orleans, ambao ili wampate walitoa zamu zao zote za mwaka ule, pamoja na mbili za 2000. Wakamaliza msimu na ushindi wa mechi 3 tu, kocha akafukuzwa.

Shemeji yako ana hoja. Maskauti wanaona tusiyoyaona: kila mwaka kule Indianapolis madaktari wanakagua magoti na mabega ya hao vijana, na timu zinakaa nao chumbani kuwahoji. Lakini nao hukosea, tena sana. Tom Brady, aliyekuja kutwaa Super Bowl saba, alisubiri hadi zamu ya 199 mwaka 2000. Brock Purdy alikuwa wa mwisho kabisa 2022, wa 262, naye akaipeleka San Francisco Super Bowl. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walilinganisha kila mchezaji na aliyefuata kuchaguliwa anayecheza nafasi hiyohiyo uwanjani: yule wa mbele alikuwa bora kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya mara. Karibu sawa na kurusha shilingi!

Kama jicho la kila mtu lina ukungu hivyo, mali ya kweli ni wingi wa zamu. Bears walitoa zamu ya 3, ya 67, ya 111 na ya raundi ya tatu ya 2018, ili wapande kutoka ya tatu hadi ya pili. Ngazi moja! Kansas City nao walilipa kumfikia Mahomes, lakini walipanda kutoka 27 hadi 10. Mwulize shemeji habari ya bei hiyo. Kuijua hakuhitaji kuwa skauti, na siku ileile ungeweza kuilalamikia bila kujua Mahomes atakuwa nani.

Kuhusu majina, Aprili ijayo kila mmoja wenu aandike anayemtaka na sababu, kabla drafti haijaanza. Bahasha ifungwe, dada yako aitunze, mwifungue baada ya misimu mitatu. Andika uliyemwona akicheza kwa macho yako, mechi nzima nzima. Yule mpishi wetu msimu wa 2004 alikuwa anavaa jezi namba 5 ya McNabb chini ya aproni.