Miaka 25 ya The Lion King: mwaka na nusu wa kufungwa unahesabiwa?

Unahesabiwa. Kumbukumbu ya miaka hufuata tarehe ya uzinduzi rasmi, na The Lion King, mchezo wa muziki wa jukwaani, ilizinduliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, tarehe 13 Novemba 1997, ndiyo maana Novemba 2022 ilitimiza 25 hata kama milango ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona toka 12 Machi 2020 hadi 14 Septemba 2021. Maonyesho ya majaribio ya Oktoba 1997 hayamo.

Kinachopungua ni idadi ya maonyesho. Kwa kawaida ni 8 kwa wiki, hivyo wiki 78 na ushei ni kama maonyesho 630 yaliyopotea. Ukitaka kulinganisha ukongwe wa michezo miwili, tazama idadi hiyo, maana miaka pekee inadanganya.

Na kurudi si suala la kuwasha taa tu. Twiga wa tukio la mwanzo ni mtu mmoja aliyepanda mironjo minne, mikononi na miguuni. Stamina hiyo haibaki mwilini ukikaa bila mazoezi, na akiyumba hana pa kujishikilia. Kinyago cha Scar, simba mwovu wa mchezo huo, hushuka usoni kwa mitambo, kwa hiyo lazima kijaribiwe upya. Tena waigizaji wa wanyama hupita katikati ya watazamaji, jambo gumu wakati wa korona: kila mtazamaji alitakiwa kuvaa barakoa, na sharti hilo Broadway ililiondoa Julai 2022, miezi michache tu kabla ya sherehe.