Nilisoma 1971 kwa Wiki Moja, na Kitabu Kimoja Kilikuwa cha 1963

Jumapili saa nne usiku nilikuwa na vitabu vinne mezani. Kimoja nimekimaliza, kimoja nimekwama katikati, viwili vinanitazama tu kama watoto walioahidiwa kutembezwa. Wiki yenyewe ilikuwa inakwisha saa sita. Nikawaza kumeza kurasa mia mbili kwa saa mbili, nikajicheka, nikazima taa.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwenye changamoto ya kusoma vitabu vya mwaka mmoja. Nimeshaingia nyingine kadhaa tangu hapo, na kila ikikaribia mpya kuna mtu ananiuliza aanzie wapi. Haya ndiyo huwa ninamjibu.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Kundi linachagua mwaka mmoja, tuseme 1971. Kwa wiki nzima kila mtu anasoma kitabu chochote kilichotoka mwaka huo, cha nchi yoyote na lugha yoyote, halafu anawaeleza wenzake alichokikuta. Hakuna kitabu cha lazima, wala hakuna mshindi. Kwenye klabu ya kawaida ya vitabu wote mnasoma kitabu kimoja na mnagombana kwa sababu mlisoma mamoja mkaelewa tofauti. Huku kila mmoja ana chake, na raha iko pale vitabu vya watu ambao hawakuwahi kuonana vinapoanza kujibizana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la majivuno. Niliona A Theory of Justice ya John Rawls ilitoka 1971, nikasema huu ndio mwaka wa kuisoma. Ni kitabu cha falsafa, kurasa karibu 600, na kila aya inakutaka uisome mara mbili. Kwa wiki moja! Na nina kazi! Kialamisho changu hadi leo kiko ukurasa wa arobaini na kitu. Sikisemi vibaya kitabu. Najisema mimi niliyetaka wenzangu waone nimekishika.

Chukua kitabu chembamba. Wiki ni siku saba, lakini ukitoa kazi, watoto, usingizi na ile siku moja ambayo lazima itaharibika, unabaki na jioni nne. Tamthilia inatosha. Diwani ya mashairi inatosha. Hadithi ya watoto inatosha kabisa: mwenzetu mmoja alimsomea mwanawe The Lorax ya Dr. Seuss, ya mwaka huohuo, wakamaliza kabla mtoto hajalala, na mchango wake kuhusu miti na tamaa ulikuwa wa maana kuliko wangu. Ukimaliza kimoja na bado una hamu, ongeza cha pili. Kuorodhesha kumi mapema ni kujitafutia madeni.

Sasa nije kwenye kichwa cha habari.

Baada ya kumkimbia Rawls nilishika The Bell Jar ya Sylvia Plath. Nakala niliyoazima ilikuwa toleo la Marekani, na ndani imeandikwa 1971, wazi kabisa. Nikaisoma kwa siku mbili, ikanishika, nikawaandikia wenzangu maoni marefu yenye maneno makubwa kuhusu sauti ya mwanamke kijana mwanzoni mwa miaka ya sabini. Dakika kumi hazikupita, dada mmoja kwenye kundi, mtu mpole asiyependa makuu, akaniuliza: “Kaka, hicho si cha 1963?”

Kilikuwa cha 1963. Kilitoka London Januari ya mwaka huo, kwa jina la bandia la Victoria Lucas, na mwandishi akafariki mwezi uliofuata. Marekani kilichapishwa miaka minane baadaye, na nakala yangu ilihesabu kuanzia hapo. Isitoshe, hadithi yenyewe inatokea mwaka 1953. Kwa hiyo ile hotuba yangu ya miaka ya sabini ilikuwa hewa tupu. Nilifikiri kuifuta, nikaona aibu ya kufuta ni kubwa kuliko ya kukosea, nikaiacha.

Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma mstari wa kwanza nafungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo ndipo kitabu kinatoa cheti chake cha kuzaliwa, ila hutoa na vyeti vya wajukuu, usipochunga unasoma kisicho chake. Maneno unayoyatafuta ni “kimechapishwa kwa mara ya kwanza” au yanayofanana nayo. Yakifuatiwa na orodha ya miaka, hiyo ni miaka ya chapa zilizofuata, haikuhusu. Ukiona mstari wa namba kama 10 9 8 7 6 5 4, ile ndogo kuliko zote ndiyo chapa uliyoishika mkononi, wala haisemi kitabu kiliandikwa lini. Na ukiona alama ya hakimiliki yenye mwaka mmoja tu, usikimbilie kushangilia: inaweza kuwa hakimiliki ya toleo la nchi nyingine, kama ilivyonikuta, au ya tafsiri, au hata ya utangulizi tu ulioongezwa na profesa fulani. Linganisha na katalogi ya maktaba kubwa. WorldCat inakusanya katalogi za maktaba nyingi duniani na ukipanga matoleo kwa tarehe, la zamani zaidi linajitokeza lenyewe.

Tafsiri ndizo zinazoleta ubishi zaidi. Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute, ni ya 1973, lakini kitabu alichokitafsiri, Things Fall Apart cha Chinua Achebe, ni cha 1958. Je, ukikisoma kwa Kiswahili unasoma mwaka gani? Makundi mengi huhesabu mwaka kilipotoka mara ya kwanza katika lugha yake, na mimi nakubaliana nao kwa sababu ya kurahisisha mambo tu. Moyoni naona tafsiri nayo ni kitabu kilichozaliwa: mtu alikaa 1973 akachagua kila neno la Kiswahili lililomo. Waulize waandaaji wa kundi lako mapema, wakikwambia hapana usibishe.

Kuna aina nyingine inayotatanisha zaidi, kitabu kilichochelewa. Maurice ya E. M. Forster ni ya 1971 kwa kanuni zote. Ndipo ilipochapishwa, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufa. Lakini aliiandika 1913 na 1914, akaificha maisha yake yote kwa kuwa inahusu mapenzi ya wanaume wawili. Aliyeisoma kwenye kundi letu alisema ni kama kufungua sanduku la babu: nguo ni za karne nyingine, ila leo ndiyo mara ya kwanza kutoka nje. Vitabu hivi ni vizuri, lakini kama ni mara yako ya kwanza naomba usianze navyo. Unataka kusikia mwaka wenyewe ukiongea, na hiki kinaongea lahaja ya mwaka mwingine.

Kupata vitabu vya mwaka fulani si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Wikipedia ina ukurasa wa fasihi wa karibu kila mwaka, na Open Library, maktaba ya mtandaoni, inakuwezesha kutafuta kwa mwaka wa kwanza wa kuchapishwa. Kama mwaka uliochaguliwa ni wa zamani sana, huenda usome bure kabisa: kwa sheria ya Marekani hakimiliki ya vitabu vilivyochapishwa zamani hudumu miaka 95, ndiyo maana vitabu vya 1929 viliachiwa umma huko tarehe 1 Januari 2025, na Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, hupakia vingi vya namna hiyo. Nchi nyingine zina hesabu zao, mara nyingi kuanzia kifo cha mwandishi.

Orodha hizo lakini zina upogo. Zimejaa Kiingereza, na ndani ya Kiingereza zimejaa walewale. Ukizifuata tu, 1971 itakuwa mwaka wa Frederick Forsyth na wauaji wake. (The Day of the Jackal, ndiyo. Mwenzetu aliisoma, akasema jambo lililonichekesha: kila msomaji anajua de Gaulle, rais wa Ufaransa anayewindwa humo, hakuuawa, na bado mikono inatoka jasho.) Mimi nilikaa nikajiuliza swali ambalo hakuna orodha iliyoniuliza: mwaka huo Kiswahili kilikuwa kinasema nini?

Kumbe kilikuwa kinapiga kelele. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, mwaka huohuo ambao Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Mashetani. Nilikuwa nimevisoma vyote viwili zamani, kwa nyakati tofauti, kwa ajili ya mtihani, nikavihifadhi kichwani kwenye makabati mawili: riwaya huku, tamthilia kule. Sikuwahi kufikiri kwamba vilitoka pamoja.

Nikavisoma tena mfululizo, jioni mbili kwa kimoja na jioni moja kwa kingine. Rosa amefugwa na baba mkali, Zakaria, na akishafika mbali na macho yake hajui aufanyie nini uhuru alioupata. Katika Mashetani, Juma na Kitaru ni vijana wasomi wanaoanza kwa mchezo wa Shetani na Binadamu, na mchezo unagoma kuisha. Kitaru unamwandama hadi nyumbani. Miaka yote nilikuwa naona cha kwanza ni kitabu cha malezi na cha pili ni kitabu cha siasa. Vikikaa pamoja usiku mmoja, mpaka huo unafutika. Katika vyote wazee wamepata walichokitaka, au wanadhani wamekipata, na vijana ndio hawalali. Uhuru wa bendera ulikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Waandishi wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wanauliza kama kuna aliyewaandaa watoto kuishi ndani yake. Nisingeliona hilo kwa kusoma kimoja kimoja, na sikuliona nilipokuwa natafuta alama za mtihani.

Na nilielewa upya kwa nini Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Si kwa sababu ya ngono peke yake, nadhani. Ni kwamba inamweka mzazi kizimbani, na hakuna mzazi anayependa mtoto wake arudi na kitabu hicho mkobani.

Kwa hiyo kama una nguvu ya vitabu viwili tu, chukua kimoja cha lugha yako na kimoja cha mbali, au viwili vya lugha moja lakini vya aina tofauti. Viwili vinavyofanana havina la kuambiana.

Kuhusu kuzungumza na wenzako nina machache. Andika maoni yako kabla ya kusoma ya wengine. Ukisoma kwanza ya yule anayejua sana, utajikuta umekuwa mwangwi wake. Usifichue mwisho wa hadithi, hata kama kitabu kina miaka hamsini, maana kuna mtu anayekifungua leo. Kama kitabu kimekuchosha, sema kimekuchosha na useme ukurasa gani kilipokuchosha. Na vitabu vya zamani vina maneno juu ya wanawake, juu ya watu weusi, juu ya walemavu, yatakayokukwaza. Usiyapake rangi kwa kusema “ndivyo walivyokuwa enzi hizo”, kwa sababu utakuta kitabu cha jirani, cha mwaka uleule, ambacho hakikusema hivyo.

Ukichelewa, chelewa. Mimi ile Jumapili nilizima taa, na nusu kitabu iliyobaki nikaimalizia Jumatano. Nikatuma maoni yangu siku tatu baada ya kufungwa, na watu wanne wakajibu.

Duru ijayo tumepewa 1967. Tayari watu wawili wanabishana kuhusu Kufikirika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka huo wakati mwandishi alifariki 1962. Mmoja anasema kanuni ni kanuni, kimetoka 1967, kisomwe. Mwingine ananinukuu mimi na maneno yangu ya Maurice, kwamba hicho kinaongea lahaja ya mwaka mwingine. Sijajitokeza kujitetea bado. Kitabu ninacho hapa, ni chembamba, na nimeshafungua ukurasa wa hakimiliki.