Usiruke Ubuntu 22.04, kaka

Kaka, umeuliza kama seva ya duka lenu la Kariakoo inaweza kutoka toleo la 20.04 la Ubuntu, mfumo endeshi wake, kwenda 24.04 moja kwa moja. Hapana. Lazima upitie 22.04 kwanza, ndipo upande tena. Na usichelewe, msaada wa kawaida wa 20.04 ulikwisha Mei 2025.

Kinachosumbua siyo Ubuntu yenyewe, ni PHP, lugha ambayo programu nyingi za wavuti zimeandikwa kwayo. 20.04 inakuja na PHP 7.4, 24.04 ina 8.3, na programu ya stoo iliyoandikwa zamani inaweza kukuletea ukurasa mweupe tu. Mimi yalinikuta Jumamosi saa tano usiku, mwenye duka ananipigia kila baada ya dakika kumi. Kwa hiyo nakili seva nzima kwenye mashine nyingine, jaribu huko kwanza. Na bekapu irudishe kweli uone inafunguka, faili kuwepo si hoja.

Ukiingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, amri ya kupandisha toleo, do-release-upgrade, itakufungulia poti (mlango wa mtandao) ya akiba, 1022, endapo muunganisho utakatika. Iruhusu kwenye fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) kabla hujaanza. UPS, ile betri ya akiba, nayo usisahau, umeme wetu unaujua.