Shangazi, mwanangu katoroka Pemba sasa yuko nyumba salama, nimtoe?

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia, na nakujibu hapa hapa kwenye safu mana najua kuna mama wengine wana hali kama yako na wamenyamaza kimya. Majina na mitaa nimeitoa yote.

Kwa wasomaji, mama huyu aliachana na mumewe akaolewa Unguja, kijana wake wa miaka 15 akabaki Pemba kwa baba yake, nyumba moja na ami zake. Mwezi uliopita kijana katoroka, Mkoani kajibandika kwa familia moja kama mtoto wao kapanda boti, kashuka Malindi na kwa mama hakwenda mana alimuogopa baba wa kambo. Kalala huko huko karibu na soko la samaki mpaka mama mmoja mchuuzi akamshika mkono akampeleka polisi, polisi wakawaita watu wa ustawi wa jamii na sasa yuko nyumba salama, yani nyumba wanapowekwa watoto wanaohitaji ulinzi. Mama kenda kumtazama, anaandika hivi:

"Shangazi mule ndani kuna vijana wakubwa, wengine wana miaka 17 na mitaani wamelala sana, naogopa watamharibu au watamfundisha unga. Simu wamemchukulia. Mie mwenyewe mama yake naambiwa nisije mpaka nipange na afisa. Nilimpelekea visheti hakula, nikimuuliza kwanini kaondoka kwao anatazama chini, ila kila vespa ikipita nje anageuka kutazama geti. Upande wa baba wanasema tunawaaibisha, ami yake anakuja na boti Jumamosi kumchukua, na mume wangu anasema bora arudi kwao. Mie nataka nimtoe tu nimlete kwangu. Nifanyeje?"

Mwanangu, usimtoe kwa pupa, na huyo ami asiondoke nae Jumamosi. Nimeanza na hilo mana siku hazikungoji, mengine nakueleza taratibu.

Hilo la vespa umeliandika katikati ya visheti na simu kama jambo dogo, mie ndo lililoninyima usingizi. Nani ana vespa kwenye ile nyumba ya Pemba? Mie sijui, wewe unajua. Simtuhumu mtu, pengine ni baba anayepiga kupita kiasi, pengine ni mtu wa jirani, pengine jambo la chuo cha Kurani au skuli, lakini mtoto anaeogopa mlio wa chombo yupo mtu anamuogopa, na kabla hujajua ni nani huwezi kumkabidhi kwa yeyote kutoka nyumba ile hata akija na mashekhe watatu. Kijana wa Pemba akiwa na utundu tu atafuata wavuvi dago, kambi ya uvuvi, atakaa huko wiki mbili atarudi na samaki wake na fimbo atakula. Huyu kavuka bahari peke yake, hana nauli hana pa kulala, akaona soko la samaki ni bora kuliko kwao. Hebu lifikirie hilo.

Na usiseme ah, huyu ni mtoto wa kiume. Utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana mambo yaliyowapata kabla ya miaka 18, na hapa Zanzibar waliosema wamefanyiwa udhalilishaji wa kingono walikuwa wasichana 6 katika kila 100, wavulana 9. Wavulana wengi zaidi ya wasichana! Sisi tunamlinda binti na mvulana tunamwacha azurure mpaka usiku wa manane, akidhalilishwa hasemi mana anajua atachekwa na jina litamganda mtaa mzima. Kwaio mwanao akitazama chini usimuone jeuri.

Sasa hofu yako ya nyumba salama. Ni hofu ya haki kabisa na sikuambii uiamini nyumba kwa sababu kibao kinasema salama, mana ukuta na geti vinamzuia mtu wa nje tu, ya ndani yanategemea nani yuko macho usiku. Nenda kwa afisa ustawi anaeshughulikia kesi ya mwanao, usende na kelele nenda na maswali. Muulize usiku anabaki nani, mtu mzima mmoja au wawili, na wanalala au wanazunguka vyumbani. Muulize mwanao wa miaka 15 analala chumba kimoja na wa 17 au wametengwa, kitanda chake ni chake peke yake, choo kiko wapi na usiku anakwendaje. Yani hilo la choo lisisitize, mana mambo mengi mabaya kwenye mabweni na nyumba za watoto hutokea pale ambapo mkubwa hafiki. Uliza wageni wanaandikwa kwenye daftari au mtu akisema mie ndugu yake anafunguliwa tu. Halafu uliza hili ambalo wazazi hawaliulizi: mwanangu akionewa humu ndani, hata na mfanyakazi wenu, anamwambia nani asiekuwa wa humu? Jibu zuri ni kwamba anamjua afisa wake kwa jina na anaruhusiwa kupiga 116, simu ya bure ya watoto, inafanya kazi bara na visiwani. Ukijibiwa "hapa hakuna mambo hayo" usiridhike, mwambie afisa akupe jibu la kweli, na ukiona majibu yanababaika omba kesi iangaliwe upya ahamishiwe pengine, kwa njia hiyo hiyo ya ustawi, sio umbebe usiku.

Simu usigombane nao. Kijana aliyelala mitaani siku kadhaa huwa kuna watu kaonana nao, wengine wanampigia aje Nungwi kuna kazi hotelini, kuna pesa, na yeye ana miaka 15 atakwenda. Isitoshe simu ndo inayomwambia ami yuko wapi. Na kwenda kwako kwa kupanga ni hivo hivo, geti linalomfungulia kila mama bila kuuliza litamfungulia na ami. Linakuuma, najua, lakini hilo ndo geti unalolitaka. Omba upangiwe siku maalumu kila wiki ili mwanao ajue utakuja, na siku hiyo usikose.

Ukenda usimhoji. Kaa nae, kuleni, mwambie "sikurudishi popote bila wewe kunambia unaogopa nini, na ukinambia nitakuamini". Basi, nyamaza. Akisema wiki hii sawa, akisema mwezi ujao sawa, na akimwambia mshauri wa pale kabla yako usione wivu. Akisema kadhalilishwa mwambie afisa siku hiyo hiyo mpelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono, pale hospitali ya Mnazi Mmoja kipo tangu 2011 na Pemba kipo Chake Chake, daktari na polisi na ustawi wapo pamoja mtoto hazungushwi. Dawa za kukinga ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 tangu adhalilishwe, lakini hata zikiwa zimepita mpelekeni, vipo vipimo na matibabu na maelezo ya kuchukuliwa. Kesi hizi zina mahakama yake maalumu Zanzibar tangu 2021.

Hapo ndo itakuja muhali, ile haya ya kushindwa kumkatalia ndugu. Watakwambia yamalizwe kifamilia, ami ni damu yake, sheha ataandika suluhu, utamvunjia mtoto heshima akikua. Mwanangu hao watakaokuja kukusihi kwa upole ndo wagumu kuliko wanaotukana, na nimeona kesi zikifa kwenye sebule na kahawa na halua juu ya meza, na mtoto yuko chumba cha pili anasikia anavyouzwa. Wewe sema neno moja, "mtoto yuko mikononi mwa ustawi, mwenye shida aende huko". Kukimbia nyumbani hakumfanyi mhalifu, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamtambua ni mtoto mpaka atimize 18, kwaio asikutishe mtu kwamba kijana wa miaka 15 keshakuwa mwanaume ajitegemee.

Kumleta kwako ni jambo zuri, nalitaka, ila alishuka Malindi akashindwa kuja kwako, na hilo ulitengeneze kwanza. Kaa na mumeo usiku watoto wamelala, usimuombe ruhusa ya kumlisha tu, muulize kama ataweza kuishi nae bila kumsimanga kila akila. Kama moyo wake hauko tayari, muulize afisa kuhusu kaka yako au mama yako mkubwa, mtu ambae mtoto mwenyewe anamtaja. Ustawi watakuja kutazama nyumba, atalala wapi, skuli atarudi vipi, na wakija wafungulie mlango wala usione wanakudharau.

Ya Jumamosi sasa. Usingoje mpaka boti ifike. Kesho asubuhi nenda ofisi ya ustawi, sema kwa mdomo wako na uombe iandikwe kwenye faili: yuko ndugu anakuja kumchukua, mtoto ana dalili za hofu, mama hakubali. Mueleze na hilo la vespa kama ulivyonieleza mie. Upite na Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi uwaambie hivo hivo, uchukue jina na namba ya uliezungumza nae. Ami akikupigia kuuliza nyumba iko wapi usimtajie hata mtaa, na muombe mumeo nae asimtajie. Ukishatoka huko niandikie walichokujibu.