Mwanangu anasema Biblia imekosea kuhusu sungura

*Shangazi, mwanangu yuko kidato cha tatu. Jumapili tukitoka kanisani aliniambia kwamba Walawi sura ya 11 inasema sungura hucheua, ilhali mwalimu wa baiolojia amewafundisha kuwa sungura si mnyama wa kucheua. Akaniuliza, "Kama hapa imekosea, kwingine nitaaminije?" Nilikasirika nikamnyang'anya kitabu cha baiolojia. Hii ni wiki ya pili hatusemezani. Nimpeleke kwa mchungaji akaombewe? – Mama mfuga sungura, Lanet, Nakuru*

Mama mwenzangu, pole sana. Najua uchungu wa kumwandalia mtoto chakula na yeye anakula akiangalia ukuta.

Usimpeleke kuombewa kama mgonjwa. Kijana aliyefika Walawi 11 hajaitupa Biblia. Wangapi kati yetu huwa tunairuka sura hiyo! Amekuletea swali lililomkera, na amekuletea wewe, hakwenda kwa wenzake.

Na bahati yako, swali lenyewe liko kizimbani nyuma ya nyumba. Amkeni alfajiri mwende na tochi, nyinyi wawili. Huenda ikawachukua siku mbili tatu, lakini mtamwona sungura akijikunja, kichwa akikiingiza katikati ya miguu ya nyuma, kisha akiinuka na kumeza. Anakula kinyesi chake. Si zile punje kavu unazofagia, bali vitonge laini vinavyong'aa, vimeshikana kama kishada cha zabibu. Majani hupita tumboni na kuchachushwa na bakteria, halafu hurudi kuliwa mara ya pili ndipo mwili uvune protini na vitamini vilivyobaki.

Je, huko ni kucheua? Mwalimu anasema sivyo, na yuko sahihi: ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na hurudisha majani kinywani, sungura hana hilo. Lakini walioishi na wanyama zamani hizo waliwapanga kwa macho, si kwa kupasua matumbo. Ndiyo maana sura hiyohiyo inamtaja popo pamoja na ndege. Aya ya tano inasema wibari naye hucheua. Wibari ni yule pelele, kwa Kiingereza hyrax, aliyekipa jina kilima cha Hyrax Hill hapo jirani yenu. Yeye huchezesha taya kama anayecheua, ila hacheui. Hapo sitakutafutia mlango wa nyuma, na wewe usimtafutie mwanao. Wapo wanaofundisha kwamba kila aya iliitangulia maabara. Mafundisho hayo yananitia hofu, maana kijana akikuta moja si kweli, hutupa yote pamoja.

Ugomvi huu una miaka mingi. Yoshua 10 inasema jua lilisimama, na kwa sababu ya maneno kama hayo mwanasayansi Galileo alihukumiwa mjini Roma mwaka 1633 kwa kushikilia kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua. Alikuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1615 aliandika, akimnukuu kadinali mmoja, kwamba Roho Mtakatifu anatufundisha jinsi ya kwenda mbinguni, si jinsi mbingu zinavyokwenda. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri mwaka 1992 kwamba waliomhukumu walikosea. Wewe na mimi bado tunasema jua limezama, na hakuna anayetuita waongo.

Sasa lile swali lake la pili, la kwingine ataaminije. Hilo sungura hawezi kulijibu, na mimi pia siwezi kulijibu kwa niaba yako. Analotaka kulisikia ni lako. Mwambie ni aya gani ilikushika mkono, siku gani, ulipokuwa umefiwa au umekosa karo. Ukishasema, nyamaza umsikilize, hata akisema bado ana shaka.

Ila kabla ya tochi na kabla ya mazungumzo, kitabu chake cha baiolojia mrudishie leo jioni, na umwombe radhi kwa kumnyang'anya.